Ukungu Juu ya Majani

Kwako dada yangu mkubwa,

Shikamoo dada. Naanza kwa kukuulizia wewe, kisha shemeji, kisha wajukuu na kelele zao. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokupa muuguzi unaipaka, au umeifungia kabatini ikazeekee huko? Nakujua. Sisi huku ni wazima. Mimi mwenyewe mwili hauna neno, nakula, nalala, naamka naenda kazini. Ila uso, dada, uso ndio sina pa kuuweka.

Utashangaa nakuandikia wakati simu ninayo na salio limo. Simu nimeijaribu. Nikikusikia tu unasema haya, mdogo wangu, lete maneno, naanza kukuuliza habari za kuku. Na hata nikipata ujasiri, wewe utanikatiza uniambie nisijisumbue, mimi nina roho nzuri, na mimi nitalipokea neno hilo kama ninavyolipokea siku zote, nikate simu, mambo yabaki palepale. Karatasi haimkatizi mtu. Mwandiko wangu unaujua, shule niliiacha njiani na herufi zangu hazijawahi kukaa kwenye mstari. Vumilia. Soma polepole, na usisome mbele za watu.

Nitaanza mwanzo kabisa, hata na yale unayoyajua, kwa sababu nilipokuhadithia mara ya kwanza nilikuhadithia kwa kuchagua.

Siku kitindamimba wangu alipomleta yule msichana nyumbani kwa mara ya kwanza, niliomba ruhusa pale karakana nikatoka mapema. Mafundi walijua ninakokwenda, basi ikawa ni utani mpaka getini, ati leo Mama Chai anapata mrithi wa birika. Nikawajibu kwamba mrithi wangu bado hajazaliwa, na waliobaki waoshe vikombe vyao wenyewe. Unajua ninavyolipenda jina hilo. Miaka yote hii nawapikia, asubuhi ya rangi, saa nne ya maziwa, siku za baridi natia tangawizi, na sijaona fundi aliyerudisha kikombe kikiwa na chai ndani. Wanasema rangi yangu imekolea kama oili ya gia, na kwa fundi wa magari hiyo ni sifa. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba mchumba wa mwanangu anafanya kazi kiwanda cha chai, huko milimani, nilisema moyoni, haya, tutaona kati yangu na yeye nani anaijua chai. Tazama nilivyoanza. Binti hajavuka kizingiti, mimi nimeshaweka mashindano.

Akaja. Mwembamba, sauti ya chini, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Akanipa zawadi kwa mikono miwili, kifurushi cha karatasi kilichofungwa kwa uzi wa cherehani, akasema kwa haya kwamba hiyo ni chai nyeupe, ameitengeneza yeye mwenyewe.

Sasa dada, wewe na mimi tukiambiwa chai nyeupe tunaelewa nini? Tunaelewa maziwa. Na siku hiyo maziwa yangu yalikuwa yamekatika jikoni, nikapika ya rangi, na ya rangi ndiyo iliyokuwa mezani inatoa moshi. Nikaona, ahaa, huyu amekitazama kikombe changu, sasa ananiambia kwa adabu kwamba kwao hawanywi hii, wanakunywa nyeupe. Nikamjibu kwamba hapa kwetu tunakunywa kilichopo. Akainamisha uso. Mwanangu akacheka, akidhani natania, na mimi nikamwacha adhani hivyo.

Walipoondoka nikafungua kifurushi. Majani ninayoyajua mimi ni yale ya dukani, chembechembe nyeusi kama mchanga. Haya yalikuwa mazima, marefu, yamechongoka kama ndimi za vifaranga, na yote, dada, yote yamefunikwa na vinyweleo vyeupe. Nikasema ukungu huu. Ukungu uleule wa mkate uliosahauliwa kwenye mfuko. Nikanusa, yakanuka nyasi kavu. Hata hivyo nikayapika, nisije nikasema uongo. Nikakimbilia dukani kuchukua maziwa, nikatia tangawizi, nikatia majani nusu nzima ya kile kifurushi, nikachochea moto mpaka sufuria ikafurika. Nilipoonja sikuona chai mle. Maziwa ya moto yenye tangawizi, basi. Yaliyobaki nikayamwaga jalalani.

Ndipo nikakupigia wewe. Nilikwambia ameniletea mabaki yaliyofagiliwa sakafuni kiwandani, majani yaliyoota ukungu, ananipima aone kama mama mkwe ni mjinga. Ukaniuliza kama nina hakika. Nikakujibu, mimi Mama Chai nisiijue chai? Kisha nikatia mzaha, nikasema huyu mtoto tumwite Ukungu. Tulicheka mpaka ukapaliwa. Jina lile lilitoka kinywani mwangu, dada. Watu wanadhani ni la wifi yangu kwa sababu ulimi wake unajulikana mtaa mzima, lakini wifi alilikuta limeshazaliwa, yeye akalibeba mgongoni tu na kulitembeza.

Na alilitembeza kweli. Siku moja alimpigia simu msichana mwenyewe akamwita Ukungu, huku mashangazi wengine wamebana vicheko nyuma ya simu. Sasa sikiliza jinsi lugha yetu ilivyotuumbua. Kwao milimani ukungu haukosi. Asubuhi unalala juu ya mashamba ya chai mpaka jua lipande, na wachumaji wa huko wanasema jani lisiloonja ukungu halina ladha. Yule mtoto aliposikia tunamwita Ukungu, alidhani tumempa jina la kwao. Alifurahi! Alidhani ukweni wamekaa, wamefikiri, wakamchagulia jina la kumpendeza. Tangu siku hiyo akinipigia husema shikamoo mama, ni mimi, Ukungu wenu. Nami naitikia marahaba mwanangu, kwa sauti tamu kama asali, kisha naweka simu na kumwambia jirani.

Ile siku ya kikao cha kupanga harusi ulikuwepo, lakini ulikuwa umekaa upande wa dirisha na sidhani kama uliona yote. Msichana ndiye aliyekuwa anapitisha vikombe. Wifi yangu akasema tuchunguze kwanza vikombe vyetu, maana mikono ya bibi harusi huotesha ukungu. Wakacheka. Yule mjomba wa upande wa pili ambaye hakujua mkasa akauliza ni ukungu gani huo, na wifi, kama aliyekuwa anasubiri kuulizwa, akamwaga yote, kifurushi, vinyweleo, sufuria, jalala, na jina. Msichana alikuwa amesimama katikati ya chumba na sinia mkononi. Nilimwona akilisikiliza jina lake likigeuka. Hakulia. Aliweka sinia mezani taratibu, kikombe hata kimoja hakikugongana, akanigeukia mimi.

Alisema hakujua. Alisema labda majani yalishika unyevu njiani, maana siku ile mvua iliwanyeshea kituoni naye alikificha kifurushi chini ya koti. Akasema lile jina alidhani ni la kwao. Halafu akaniomba radhi kwa kuniletea kitu kibovu nyumbani kwangu.

Na mimi nikamwambia yamekwisha mwanangu, nimekusamehe.

Watu wakashusha pumzi. Wewe ulinyanyuka na mguu wako mbovu ukaja kunishika bega, ukasema mbele ya wote kwamba hiyo ndiyo roho ya mama, na wenye ndimi ndefu wajifunze. Wifi akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika ukoo ule. Tangu siku hiyo napigiwa simu na ndugu ambao hata sauti zao nilikuwa nimezisahau, wananipongeza kwa kusamehe. Hata mafundi habari zilishawafikia. Kila sifa inakaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa nikueleze habari ya kiwanda, maana kwenye simu nilikugusia tu kwamba nimefika huko, nikahamia mazungumzo mengine.

Ni msichana mwenyewe aliyenialika, akasema anataka mama yake aone anakofanyia kazi. Mwanangu akanipeleka. Pale mlangoni wakanivika koti jeupe na kofia ya kubana nywele, nikafanana na muuguzi aliyepotea wodi. Harufu ya mle ndani sijui niifananishe na nini, ni kama shamba zima limelowa kisha likapigwa pasi. Msichana akanishika mkono. Yule wa ukingoni mwa kiti sikumwona tena. Kazini kwake anatembea kama mwenye nyumba, wanaume wenye mabega mapana wanampisha.

Akaniuliza kwanza, kwa upole, kama najua chai ya kijani inatoka kwenye mti gani. Nikasema bila shaka mti wake. Akatabasamu. Dada, kumbe ni mti mmoja! Ya rangi, ya kijani, nyeupe, zote watoto wa tumbo moja. Kinachowatenganisha ni malezi tu, yaani jani linafanywa nini baada ya kuchumwa. Akanifundisha kama unavyomfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Akasema, mama, ukikata biringanya ukaliacha mezani, si linageuka kahawia? Basi na jani ni hivyohivyo. Hii ya kwetu ya kila siku wanalinyausha jani kwanza, halafu linapita kwenye mashine zenye meno, linasagwa na kuviringwa mpaka maji yake yatoke, kisha wanaliacha livute hewa ligeuke kabisa, ndipo linakaushwa. Ndiyo maana linatoa rangi nzito na halitishiki na maziwa wala tangawizi. Ile ya kijani hawaliachi ligeuke. Likifika tu linapigwa na mvuke, kama mboga unazochovya kwenye maji ya moto zisipoteze ukijani wake, na hapo hewa haiwezi tena kulifanya kitu. Ipo nyingine katikati, imeachwa igeuke nusu halafu ikazuiwa, ncha kahawia na moyo kijani. Jina lake alinitajia mara kadhaa, ulimi wangu ukagoma. Nikamuuliza habari za mchaichai. Akacheka akasema huo si ndugu kabisa, unaitwa chai kwa heshima tu, kama jirani anavyoitwa shangazi.

Kuna mzee mmoja pale, msimamizi, wanamwita Bwana Pua kwa sababu kazi yake ni kunusa na kuonja. Alitupangia bakuli ndogo kwa safu, kila moja na chai yake. Anaivuta chai kwa kijiko kwa kishindo kikubwa, nusura nimkanye kama mtoto mezani. Nami nikaonja zote. Ya kijani ilinikaba ulimi kidogo, ina uchungu wa mboga. Ile ya katikati ilinuka maua. Ya mwisho ilikuwa kama maji yaliyopitiwa na jua, nyepesi, ina utamu wa mbali ambao ukiukimbilia huupati, ukitulia unakuja wenyewe. Nikauliza hiyo ndiyo ipi. Msichana akasema hii ndiyo nyeupe, mama, ile niliyokuletea.

Akanipeleka chumba cha pembeni, cha baridi, kimya, hakuna mashine. Trei za waya zimepangwa ukutani. Akavuta moja. Yaleyale, dada. Ndimi za vifaranga zenye vinyweleo vyeupe. Akaniambia nyeupe haiguswi kwa mashine. Wanachuma kichipukizi peke yake, kabla hakijafunguka, wanakitandaza hapo kinyauke na kukauka chenyewe, bila kusagwa, bila kupigwa mvuke, kazi yote ni macho na subira, na kugeuza kwa ncha za vidole. Vile vinyweleo kichipukizi huzaliwa navyo. Ndivyo vinavyoipa jina lake. Akaniambia nishike. Nikashika. Ni kama sikio la mtoto mchanga. Akaniambia pia kwamba haipikwi, inamwagiwa tu maji yaliyopoa kidogo na kuachwa itulie, na maziwa yanaizika.

Bwana Pua akatia utani kutoka mlangoni. Alisema kuna mnunuzi aliwahi kuwarudishia mfuko mzima akilalamika kwamba chai imeota ndevu. Wote wakacheka. Nami nikacheka nao, dada. Nilicheka kuliko wote, mpaka mwanangu akaniangalia.

Sasa kama umesimama, kaa.

Nilipokugusia safari ile kwenye simu sikukwambia ilikuwa lini. Wewe ukadhani nilikwenda baada ya kikao, kumpoza binti wa watu, ukanisifu na kwa hilo pia. Sikukusahihisha. Haikuwa baada. Nilikwenda kabla ya kikao. Na usije ukadhani najisingizia, chukua ushahidi. Palepale mbele ya zile trei, msichana aliwaambia wenzake kwamba ukweni kwake amepewa jina, wanamwita Ukungu. Alilisema kama mtu anayeonyesha kitenge kipya. Bwana Pua akasema jina limekukaa, wakwe zako ni watu wa maana. Yule mtoto akanitazama mimi, macho yanang'aa, nami kichipukizi bado kiko kiganjani mwangu na vinyweleo vyake.

Nilijua tangu hapo. Nilipoingia kwenye kikao najua. Wifi alipofungua mdomo najua. Msichana aliposimama na kuniomba radhi, mimi peke yangu katika chumba kile nilijua kwamba hakuna kosa, na kama lipo ni langu. Ningeweza kusema neno moja tu, jamani, mimi ndiye sikuijua chai. Nilifikiria kicheko cha wifi. Nilifikiria karakana, Mama Chai aliyepika chai nyeupe kwa maziwa na tangawizi akaidhania ukungu. Jina la kazini, dada, kitu cha kuitwa na watu wenye mikono ya grisi, nikalipa uzito kuliko mtoto wa watu aliyesimama mbele yangu. Nikamsamehe. Nikamsamehe kosa nililojua hakulitenda, na nikakaa hapo nikapokea mkono wako begani.

Huenda ningelimeza hili nikafa nalo. Lakini juzi mwanangu alikuja, akakaa mlangoni jikoni ninapochambua mchele. Nikamchokoza mpaka akasema. Mchumba wake ameacha trei. Alikwenda mwenyewe kwa Bwana Pua akamwambia atafutiwe mtu mwingine, kwamba mkono wake si wa kuaminiwa, aliwahi kutoa majani yenye ukungu na hakuyaona. Na walikuwa wanataka kumkabidhi chumba kile chote, dada, awe mkubwa wake. Sasa anashona magunia. Mwanangu akaniambia anachoshindwa kuelewa ni jinsi mtu anayeweza kunusa jani na kukwambia limechumwa kabla au baada ya mvua, ashindwe kuona ukungu. Aliniuliza mimi. Mama, wewe uliuona kweli, ulikuwaje? Nikamwambia maharage yanaungua. Jikoni hapakuwa na maharage.

Kesho yake nikaaga kazini nikapanda gari peke yangu kwenda huko. Nikamkuta chumbani kwake, chumba kimoja kisafi, koti lake la kazi limetundikwa nyuma ya mlango. Alinipokea vizuri. Hilo ndilo lililoniua. Nikamwambia yote kabla sijakalishwa, nikiwa bado na mkoba begani, kwamba haukuwa ukungu, kwamba jina ni langu, kwamba nilipomsamehe nilikuwa najua.

Aliupokea mkoba, akanikalisha. Kisha akaniambia jambo ambalo silitoi kichwani. Alisema pale kwenye kikao, wifi alipotaja vinyweleo, wazo lilimjia kwamba labda ni vile vya kuzaliwa navyo. Lakini akanitazama mimi. Akakumbuka kwamba nimefika kiwandani, nimezishika trei kwa mkono wangu, nimesikia hata ule mzaha wa ndevu. Akajiambia, kama mama ameyaona yote yale na bado ananyamaza, basi ulikuwa ukungu kweli. Aliamini kimya changu kuliko vidole vyake, dada. Ndiyo maana akaacha kazi yake.

Nikamwambia nitakwenda kwa Bwana Pua sasa hivi nikamweleze. Akakataa. Alisema habari za trei ataziongea mwenyewe, hataki kurudishwa kwenye chumba chake kwa kushikwa mkono. Mwanangu hajamkosea kitu na hataachana naye. Ila nyumbani kwangu hatakuja kwanza. Alisema, na hakupandisha sauti, kwamba radhi aliiomba mbele za watu, na msamaha wangu niliutoa mbele za watu, basi na ukweli usiletwe chumbani kama maziwa ya wizi. Nikalia. Hakunibembeleza, na sikutaka anibembeleze. Alinisindikiza hadi kituoni, akasimama mpaka gari lilipoondoka.

Kwa hiyo ninakuomba, dada, wewe ndiye mkubwa wetu na ukiita watu wanakuja. Waite walewale, Jumamosi ijayo, chumba kilekile. Mwite wifi wa kwanza. Yule mjomba naye asikose. Usiwaambie ni kwa nini, waambie mdogo wako ana neno. Nitasimama mimi mwenyewe. Nitasema kwamba majani yalikuwa mazima na mjinga nilikuwa mimi, kwamba jina lile nililitunga kwa kejeli, na kwamba msamaha ule niliomtupia naurudisha, sasa naomba wa kwangu. Wacheke. Wifi acheke mpaka ajikojolee. Karakana nimeshaanza kuwaambia, jana, nikiwa na birika mkononi. Fundi mkuu akasema, lakini Mama Chai, ya kwako ya rangi hatuiachi. Ilikuwa ni huruma, na huruma ya fundi ina harufu ya petroli, lakini niliipokea.

Najua utataka kunitetea. Utasema sikusoma, utasema ni kitu kipya, nani asingekosea. Kukosea jani si kitu, dada. Hata mimi jani nimelisamehe. Usinitetee siku hiyo. Kaa tu karibu nami, kiti cha pembeni kabisa, na ukiona nimesimama kisha naanza kuuliza watu habari za kuku, nikanyage mguu. Nikanyage kwa nguvu.

Msalimie shemeji. Wabusu wajukuu, na yule anayeng'oa meno mwambie bibi mdogo anamtaka atabasamu hivyohivyo. Dawa ipake. Nikumbuke katika sala zako, lakini usiombe nifichiwe aibu, omba sauti itoke.

Ni mimi mdogo wako, ambaye huko kazini wangali wanamwita

Mama Chai